Kuongeza sakiti na kubadilisha kisanduku cha breka Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye nyumba, mpangaji au mwenye biashara anayetaka kuelewa kazi kabla ya kuita fundi wa stima, na ya fundi chipukizi anayetaka kuhakikisha hesabu zake. Stima ya kawaida nyumbani ni fezi moja ya volti 240. Ya viwanda na majengo makubwa ni fezi tatu za volti 415. Mita na kila kilicho kabla yake ni mali ya Kenya Power. Kutoka mita kuingia ndani ni jukumu lako.

## Mambo ya mwanzo

Kuongeza soketi na kuongeza sakiti kuna tofauti gani?

Soketi mpya huchukua stima kutoka kwa nyaya zilizopo ukutani na kushiriki breka ya zamani. Sakiti mpya huwa na breka yake kisandukuni na laivu (waya unaoleta stima), nyutro (unaoirudisha) na eathi (unaoipeleka ardhini ikivuja) zake mwenyewe hadi mwisho wa safari. Soketi ya kuchaji simu kando ya kitanda haihitaji sakiti mpya. Shawa ya stima inahitaji, bila mjadala.

Nitajuaje kwamba kifaa changu kinahitaji sakiti yake?

Gawa wati za kifaa kwa 240, upate ampea. Birika la wati 2,000 hula kama 8.3A, pasi ya wati 1,200 hula 5A, shawa ya wati 5,500 hula karibu 23A. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba mwisho wake ni 13A, kwa hiyo chochote kinachozidi hapo hakiwezi kuchomekwa kwenye soketi na lazima kiwe na waya wake kutoka kisandukuni. Vilivyo chini ya 13A pia vinastahili sakiti yao vikiwaka kwa saa nyingi mfululizo: pampu ya maji, friji kubwa ya duka, drayari za saluni zikiwa tatu ukuta mmoja.

Dalili nazo husema. Uso wa soketi ukiwa moto, plagi ikigeuka rangi ya kahawia pembeni mwa pini, au taa zikififia kila birika likiwashwa, sakiti imelemewa au kuna kiungo kilicholegea. Zote mbili huanzisha moto.

Breka inakata kila jioni. Si niweke kubwa tu?

Hapana. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake la haraka, lile la kubadilisha breka ya 20A kuweka 32A, ndilo linalochoma nyumba. Breka imewekwa kulinda waya. Kifaa chako si kazi yake. Waya wa 2.5 (unene wa milimita mraba) ukiwa peke yake ndani ya bomba kwenye ukuta wa mawe hubeba kama 24A. Bomba hilo likijaa nyaya za sakiti nyingine, joto halina pa kwenda na uwezo unashuka zaidi. Ukiweka breka ya 32A juu yake, waya utakuwa unaiva polepole bila breka kuona kosa lolote. Plastiki hukauka, hupasuka, na siku moja laivu hugusa nyutro ndani ya ukuta.

Utakutana na breka ya 32A juu ya waya wa 2.5 kihalali mahali pamoja: sakiti ya soketi ya duara, ambayo nyaya zake hutoka kisandukuni, huzunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, hivyo mzigo hugawanyika njia mbili. Duara likikatika mahali fulani, na hukatika sana fundi anapohamisha soketi, soketi zitaendelea kufanya kazi na hutajua kitu. Fundi apime mwendelezo wa ncha mbili za laivu, za nyutro na za eathi. Asipoweza kuthibitisha kwamba duara limekamilika, aweke breka ya 20A.

Kisanduku kimejaa. Fundi anasema ataunga nyaya mbili kwenye breka moja.

Mkatalie. Sakiti mbili kwenye breka moja humaanisha breka inaona jumla ya mizigo miwili, na skrubu inabana waya mmoja vizuri kuliko mwingine. Kuna njia mbili za haki: kubadilisha kisanduku kuwa cha njia 8 au 12, au kuongeza kisanduku kidogo cha pili kinacholishwa na breka yake. Ukibadilisha, acha angalau njia mbili wazi. Hakuna aliyewahi kujuta kwa nafasi ya ziada.

## Hesabu za mzigo na waya

Sakiti gani inachukua waya na breka gani?

Kwa nyaya za shaba ndani ya bomba, nyumba ya kawaida:

| Sakiti | Waya (milimita mraba) | Breka |
|---|---|---|
| Taa | 1.5 | 6A au 10A |
| Soketi, njia moja | 2.5 | 20A |
| Soketi, duara | 2.5 | 32A |
| Shawa ya wati 5,500 | 6 | 32A |
| Jiko la stima lenye oveni | 6 | 32A |

Mafundi wengi huweka waya wa 4 kwenye shawa. Ukiwa peke yake ndani ya bomba hubeba kama 32A, yaani uko ukingoni kabisa mwa breka. Ukipitishwa pamoja na sakiti nyingine haufai tena. Tofauti ya bei kati ya 4 na 6 kwa mita 15 haistahili mabishano.

Jiko langu ni la wati 9,600, yaani 40A. Kwa nini breka ya 32A inatosha?

Kwa sababu plati zote nne na oveni haziwaki pamoja kwa nguvu zote, na kila moja hujizima na kujiwasha kwa joto. Hesabu inayotumika ni hii: 10A za kwanza zote, kisha asilimia 30 ya zilizobaki, na 5A zaidi kama swichi ya jiko ina soketi. Hapa ni 10 + 9 + 5, jumla 24A. Nafuu hii haiko kwa shawa. Shawa ikiwashwa hula 23A zote.

Mita yangu inaweza kubeba shawa mbili na jiko?

Soma uso wa mita. Utaona maandishi kama 5(60)A au 5(80)A; namba iliyo ndani ya mabano ndiyo kikomo. Mita ya 60A ni wati 14,400. Shawa mbili ni 46A, jiko kwa hesabu ya hapo juu ni 24A, tayari uko 70A bila birika wala pasi. Hapo chagua moja: omba fezi tatu (angalia sehemu ya Kenya Power), au weka relei ya kipaumbele inayoruhusu shawa moja tu kwa wakati. Kisanduku kikubwa zaidi peke yake hakiongezi hata ampea moja kutoka kwa nguzo.

DSQ (nyumba ya mfanyakazi uani) iko mita 40 kutoka kisandukuni. Waya upi?

Kwa umbali huo, volti zinazopotea njiani ndizo zinazoamua, kabla ya joto. Waya wa 4 hupoteza takriban milivolti 11 kwa kila ampea kwa kila mita. Wa 6 ni 7.3, wa 10 ni 4.4. Kwa mzigo wa 30A na mita 40:

- waya wa 4: volti 13.2, asilimia 5.5
- waya wa 6: volti 8.8, asilimia 3.7
- waya wa 10: volti 5.3, asilimia 2.2

Kikomo cha kawaida ni asilimia 5 kwa soketi na vifaa, na 3 kwa taa. Waya wa 4 umeanguka mtihani. Wa 6 unapita kwa soketi, ila DSQ ina taa pia, na kama mtaa wako volti hushuka jioni, wa 10 ndio utakaokufanya ulale. Ukipita chini ya ardhi tumia kebo yenye kinga ya chuma, si nyaya za kawaida ndani ya bomba la maji.

Nitatambuaje waya feki dukani?

Kuna aina mbili za uongo: waya wa alumini uliopakwa shaba, na waya wa shaba ulio mwembamba kuliko maandishi yake. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, ni mwanzo, lakini nayo huigwa. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka kwenye duka la River Road au popote:

Kwangua ncha kwa kisu. Shaba ni shaba hadi ndani. Alumini iliyopakwa hung'aa nyeupe. Kisha inua rola. Shaba ya waya wa 2.5, mita 100, ina uzito wa kilo 2.2 hivi kabla ya plastiki, na rola jepesi lisilofika hapo limejieleza lenyewe. Kipimo cha uhakika ni multimita: gusa ncha mbili za rola zima la 2.5 na usome. Mita 100 za shaba halali husoma karibu omu 0.74. Gusanisha kwanza vipimio vyenyewe, utoe omu zake. Ukisoma 1.2, hiyo si 2.5, au hiyo si shaba. Muuzaji anayekataza kupima amekujibu.

## Kisanduku, RCD na eathi

Kazi ya kubadilisha kisanduku hufuata hatua gani?

Nyumba ya kawaida ni kazi ya siku moja, na nusu yake ni kupima. Kwanza kila sakiti hutambuliwa kwa kuzimwa moja moja na kuandikwa. Picha ya kisanduku cha zamani kikiwa wazi huokoa muda baadaye. Pili, stima ikiwa imezimwa kama inavyoelezwa hapa chini, kila sakiti ya zamani hupimwa kinga (kama plastiki ya waya inazuia stima kuvuja) kwa volti 500 kabla ya kuunganishwa upya. Chini ya megaomu 1 kuna tatizo. Taa za LED, vipima muda na RCD (kifaa kinachokata stima ikivuja) hutolewa kwanza, maana volti hizo huziua.

Kuhusu kuzima: swichi kuu ikiwa chini, nyaya zinazoiingia kutoka mita bado zina moto, na hapo ndipo watu hupigwa. Kuzima kabisa kunahitaji fyuzi ya Kenya Power kutolewa, na hiyo si ya fundi kuigusa bila idhini yao. Panga nao mapema. Kujua kama waya umekufa, tumia kipima chenye miguu miwili kati ya laivu na nyutro, laivu na eathi, nyutro na eathi. Bisibisi ya taa haitoshi: huwaka kwa stima ya kuambukizwa na waya wa jirani, na huweza kukaa kimya ukiwa umesimama juu ya ngazi ya mbao.

Kinachofuata ni kuunganisha, kila laivu na nyutro yake na eathi yake kwa mpangilio mmoja, na kukaza skrubu kwa kiwango kilichoandikwa kwenye breka. Skrubu iliyolegea ndiyo chanzo cha visanduku vingi vilivyoyeyuka. Mwishoni: upande sahihi wa laivu, omu za eathi, muda wa RCD (isizidi milisekunde 300 kwa miliampea zake), na lebo kwa kila breka. "Soketi" pekee si lebo. "Soketi jikoni na sebuleni" ni lebo.

RCD ni ya nini kama breka zipo?

Breka huona mzigo mkubwa na shoti. Haioni wewe. Mtu anayepigwa na stima hupitisha miliampea tu, na breka ya 20A itaendelea kukaa kana kwamba hakuna kitu. RCD hulinganisha stima inayotoka kwenye laivu na inayorudi kwenye nyutro. Ikipotea miliampea 30 inakata. Kwa soketi, bafu na chochote cha nje, chagua ya miliampea 30. Ya 100 au 300 ni ya kuzuia moto, haimlindi mtu. Ampea zake, kwa mfano 63A, zisiwe chini ya kinachoilisha. Bonyeza kitufe cha kujaribu kila baada ya miezi michache. Isipokata, badilisha.

Baada ya kuongeza sakiti, RCD inakata kila ninapowasha kitu. Ni mbovu?

Mara nyingi ni nyutro iliyowekwa mahali pasipo pake. Kisanduku chenye RCD huwa na vyuma viwili vya nyutro: kimoja cha sakiti zilizo chini ya RCD, kingine cha zisizo chini yake. Laivu ya sakiti mpya ikipita RCD na nyutro yake ikafungwa chuma kingine, RCD inaona stima ikitoka bila kurudi. Haitakata ukiwasha breka. Itakata ukiwasha taa ya kwanza.

Ndugu yake ni nyutro ya kuazima: taa ya ngazi inayochukua laivu chini na nyutro juu. Nyumba za Buruburu za miaka ya 1970 zilizoongezwa vyumba zina hizi kwa wingi. Zilikaa salama miaka yote kwa sababu hapakuwa na RCD ya kulalamika. Dawa ni kutafuta nyutro halali ya sakiti hiyo, wala si kutoa RCD.

Eathi yangu inatosha?

Pale ulinzi unapotegemea fimbo ya eathi iliyopigwa uani, fikiri hivi. Fimbo ina omu 40. Laivu ikigusa mwili wa mashine ya kufua, stima inayopita ardhini ni 240 gawa kwa 40, yaani 6A. Breka ya 20A haitakata kamwe, na mashine itabaki na moto ikikusubiri. RCD itakata papo hapo. Ndiyo maana kwenye fimbo, RCD si anasa.

Udongo una mchango wake. Embakasi na Syokimau kuna udongo mweusi wa pamba ambao Januari na Februari hupasuka na kuachana na fimbo. Kipimo kizuri cha Mei huweza kuwa kibaya kiangazi. Pima wakati wa ukame. Sehemu zenye mwamba karibu, fimbo ndefu moja haishuki. Piga mbili au tatu zilizoachana kwa angalau urefu wa fimbo moja, ziunganishwe. Kukata fimbo na kuzika nusu ni kazi bure.

## Biashara na fezi tatu

Lini nihitaji fezi tatu?

Jumla ya mzigo inapozidi mita yako, au unapokuwa na mota kubwa: mashine ya posho, randa ya mbao, kompresa. Mota ya kilowati 7.5 kwenye fezi tatu hula kama 15A kila fezi. Kwa fezi moja ingekuwa zaidi ya 40A.

Breka inakata mota inapoanza tu. Waya uko sawa. Tatizo nini?

Aina ya breka. Mota ikianza huvuta mara tano hadi saba ya kawaida yake kwa sekunde chache. Breka ya herufi B hukata papo hapo kati ya mara 3 na 5, C kati ya 5 na 10, D kati ya 10 na 20. Nyumbani B au C. Mota na mashine za kuchomelea za karakana, C kwa kawaida, D kwa zilizo sugu, mradi eathi na waya viruhusu. Mota kubwa iwekewe stata ya nyota-delta (kiwashio kinachoianzisha kwa nguvu ndogo kwanza) pamoja na kinga yake ya mzigo.

Nyutro ikikatika kwenye fezi tatu kunatokea nini?

Vifaa vya fezi moja hujikuta vimefungwa mfululizo kati ya fezi mbili. Upande wenye mzigo mdogo hupanda kuelekea volti 415. Friji, televisheni na chaja huungua kwa pamoja. Kwa hiyo nyutro haipiti kwenye breka ya peke yake wala fyuzi, na skrubu yake ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Gawanya mizigo sawa kwenye fezi: kinyozi na taa fezi moja, friji nyingine, oveni ya tatu. Na baada ya kazi yoyote kwenye nyaya kuu, angalia mota inazungukia upande upi kabla ya kuweka mahindi.

## Leseni na Kenya Power

Nani anaruhusiwa kufanya kazi hii?

Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na mafuta. Madaraja huanzia C-2, la chini, hadi A-1, la juu; kwa fezi tatu hakikisha daraja lake linaruhusu. Omba kadi, angalia tarehe. Kazi ikiisha dai cheti cha kukamilika, kwa maana Kenya Power hukihitaji kwa maombi mapya, na bima huuliza baada ya moto.

Naombaje mzigo zaidi au fezi tatu?

Ni ombi la kuongeza mzigo kwa Kenya Power, likiambatana na kitambulisho, PIN ya KRA na cheti cha fundi. Wao hukagua, hutoa bei, kisha hubadilisha waya wa kuingia na mita. Usinunue kisanduku cha fezi tatu kabla ya kupata jibu. Na usivunje sili ya mita kwa sababu yoyote. Ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019.

## Hali zisizo za kawaida

Ukutani kuna nyaya nyekundu na nyeusi, fundi ameleta kahawia na buluu. Ni sawa?

Sawa kwa fezi moja: nyekundu ya zamani ni kahawia ya sasa, nyeusi ni buluu. Hatari iko fezi tatu. Zamani nyeusi ilikuwa nyutro na buluu ilikuwa fezi; mpya, nyeusi ni fezi na buluu ni nyutro. Rangi zilezile, maana kinyume. Weka lebo kila mahali zinapokutana, na upime, usiamini macho.

Maji yetu ni ya kisima na shawa inakata RCD kila mara.

Maji yenye chumvi hupitisha stima vizuri zaidi. Shawa za bei nafuu zina koili iliyo uchi ndani ya maji, kwa hiyo stima huvuja. Nunua ile inayouzwa kwa maji ya chumvi, yenye koili ndani ya bomba la chuma. Ikiendelea kukata, kagua eathi ya shawa.

Mimi ni mpangaji ghorofani. Naweza kujiwekea shawa?

Kwa ruhusa ya mwenye ploti, na baada ya kujua waya unaopanda hadi kwako. Mita ndogo ya tokeni iliyo mlangoni haisemi chochote kuhusu kebo ya ngazini, ambayo pengine inalisha nyumba nyingine kumi. Jirani zako wote wakioga saa kumi na mbili asubuhi, hiyo kebo ndiyo itakayojibu.

Nina inveta na jenereta. Nizifunge wapi?

Kwenye kisanduku kidogo cha sakiti muhimu, kupitia swichi ya kubadilishia yenye nafasi ya katikati isiyo na stima, inayokata laivu na nyutro pamoja. Kamwe usichomeke jenereta kwenye soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili: stima hurudi hadi kwenye transfoma, hupandishwa volti, na kumkuta fundi wa laini juu ya nguzo. Nyutro ya sakiti za inveta isichanganywe na ya nyumba nzima, la sivyo utarudi kwenye swali la RCD inayokata. Shawa, pasi na jiko zibaki nje ya kisanduku hicho.